Viwavi wa Ndalambo

Niliondoka Mbeya asubuhi kwa sababu viwavi wetu wa maabara walikuwa wamekufa wote. Tulikuwa tunatafuta namna ya kutibu fangasi wanaoshambulia ubongo. Dawa moja ilikuwa inashindwa. Tulitaka kujua kama mbili zikitolewa pamoja zitaweza. Kabla ya kumgusa binadamu tulizijaribu kwa viwavi wa nondo, wale wanaokula nta ya nyuki. Afisa nyuki mmoja, rafiki yangu, aliniambia, "Nenda Ndalambo kwa Mama Eliza. Viwavi hao wamemharibia mizinga."

Tunduma malori yalikuwa yamepanga foleni hadi nje ya mji yakisubiri kuvuka kwenda Zambia. Nilinunua chombo cha plastiki kwa muuzaji aliyenisalimia "Mulishani" kabla ya kuhamia Kiswahili, nikakitoboa mfuniko, nikapanda Noah ya Ndalambo.

Mchana nilifika. Mama Eliza, mjane wa makamo, hakutaka tuongee lolote kabla sijala ugali wa ulezi. Kisha akanipeleka mizingani. Masega yalikuwa yamefunikwa utando, na ndani yake viwavi wanene, weupe.

"Nilikuwa niwachome leo," alisema. "Wewe mwanangu, unawataka wa nini?"

Nikamweleza. Akakiweka chini kisu chake cha kukatia masega.

"Baba Eliza aliumwa kichwa mpaka macho yakawa hayaoni. Hospitali wakasema ni hao hao fangasi. Dawa alikunywa, hakupona."

Nilimpa pole. Tulichambua masega pamoja mpaka jua likaelekea kuzama. Nililala kwake, na asubuhi akanisindikiza hadi barabarani.

"Mkipata jibu nipigie," alisema. "Hata likiwa baya."

Tulipokaribia Nanyala, ndani ya basi la kurudi Mbeya, mama niliyekaa naye alipiga kelele. Viwavi walikuwa wametafuna plastiki na kutambaa hadi kwenye khanga yake. Niliomba radhi. Nikiwapoteza hawa, kazi imekwisha. Nilipomwambia ni wa kutafutia dawa, yeye mwenyewe akaanza kuwaokota, akamwaga karanga zake kwenye mfuko na kunipa kopo la bati.

Mbeya tuliwaambukiza fangasi, kisha tukawatibu. Waliopewa dawa moja waligeuka weusi wakafa, wakichelewa kidogo tu kuliko wasiopewa kitu. Waliopewa mbili, wengi walibaki weupe, wakijikunja ukiwagusa. Tulirudia tena na tena, ikawa vilevile.

Nilimpigia Mama Eliza nikiwa na furaha.

"Kwa hiyo mtu kama Baba Eliza sasa angepona?" akauliza.

Nilitamani sana kusema ndiyo.

"Sijui, mama. Hawa ni viwavi. Kwa binadamu bado."

Nikasikia kuku wake wakilia uani.

"Afadhali umesema hivyo," akajibu. "Sisi walituambia atapona."