Homa Niliyowaficha Jirani Zangu

Kwenye semina tulifundishwa siku mbili nzima jinsi ya kuzungumza na watu kuhusu chanjo mpya ya taifodi. Semeni kila kitu, tukaambiwa. Mkono unaweza kuuma, mtoto anaweza kushikwa na homa siku moja au mbili. Niliyaandika yote kwa mwandiko mzuri, kisha nikarudi kwetu mtaani Kimumu na kuyaacha hapo hapo kwenye daftari.

Nilikuwa na sababu zangu. Ploti yetu ina nyumba kumi na mbili na kisima kimoja, nacho kiko hatua chache kutoka chooni. Taifodi tulikuwa tunaijua. Lakini kisimani pale walishasema chanjo hiyo inafunga uzazi, na kwamba sisi wahudumu wa afya wa mtaa tumetumwa kujaribu dawa kwa watoto wa maskini. Nikaona nikitaja homa tu, nimechochea moto. Kwa hiyo kila mlango nilisema, "Hakuna shida yoyote." Na kwa kuwa mimi nikibishiwa hupandwa na hasira haraka, nilisema kwa sauti.

Aliyenisikiliza ni jirani wa mlango wa tatu, mama anayeuza mboga barabarani. Ana wasichana wawili, mmoja wa miaka minne, mwingine ndiyo kwanza ameanza kutembea. Akamvalisha yule mkubwa sweta.

"Huyu aende leo. Huyu mdogo akae kwanza, nione."

Nilimwambia watoto si mbegu za mahindi za kujaribiwa kwenye kona ya shamba. Akamshika yule mkubwa mkono, wakaenda zahanati.

Kesho yake asubuhi nikiwa kisimani, alikuja amembeba yule mkubwa. Mtoto alikuwa moto, macho yamelegea. Wanawake wakaacha kuteka maji.

"Daktari," akaniita. Ni jina langu la utani, lakini asubuhi ile halikuwa na utani wowote. "Ulisema hakuna shida yoyote. Mshike."

Nikamshika. Niliogopa, sifichi. Je, kama ni kitu kingine? Ningeweza kusingizia baridi ya Eldoret, na ulimi ulikuwa tayari. Lakini macho ya yule mama yalinishinda.

"Mama, nilijua homa inaweza kuja. Tulifundishwa. Niliwaficha kwa sababu niliogopa mtakataa."

"Njia ya mwongo ni fupi!" akafoka mama wa nyumba ya mwisho, akaongeza mengine ambayo siyaandiki. Nilistahili.

Mwenye mtoto aliuliza tu, "Sasa hii itaisha lini?"

"Kwa siku mbili hivi. Lakini usiamini mdomo wangu. Twende zahanati saa hii."

Nesi alimpima, akasema ni homa ya chanjo, akatoa dawa ya maji na kutuambia tumrudishe ikizidi siku mbili. Siku ile nilishinda kwenye kizingiti cha jirani yangu, sikupika wala sikufua. Saa kumi jioni mtoto aliketi, akaomba ndizi, akapigana na mdogo wake kwa sababu ya hiyo ndizi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Sijawahi kufurahia ugomvi wa watoto namna ile.

Siku ya mwisho ya chanjo sikuwa na uso wa kubisha mlango wa mtu. Nilikuwa nimejifungia ndani nilipobishiwa hodi mimi. Alikuwa ni yeye, mdogo yuko mgongoni.

"Twende."

Nikamuuliza kama ana hakika.

"Sasa najua vile itakuwa. Kitu ilinishtua si homa. Ni vile ulijua na hukusema."

Nyuma yake walisimama wanawake watatu na watoto wao, na mama wa nyumba ya mwisho akiwa mmoja wao. Jirani yangu alikuwa anawaeleza: atachemka kidogo, mpe maji, usishtuke, ikizidi siku mbili mrudishe. Nikafungua mdomo nimsaidie.

"Daktari," akasema mama wa nyumba ya mwisho, "leo wewe nyamaza. Wacha huyu aongee."

Nikanyamaza hadi zahanati, na moyo wangu ulikuwa mwepesi njia nzima.