Siku Altare Yetu Ilipopiga Muziki

Jamani, ninawasimulia hii kwa sababu mtaa wetu mzima wa Isevya unaijua tayari na kila anayeisimulia anaongeza chumvi, mara mimi Maganga nilikuwa nacheza gemu katikati ya sala, mara Maganga alitaka kuiba sadaka, kwa hiyo bora aibu yangu niibebe mwenyewe, maana hata chanzo cha yote ni kitu nilichokataa kubeba.

Kwanza mjue nyumbani kwetu. Babu, baba yake Mama, alikuwa fundi umeme wa reli mpaka akastaafu, na Bibi alipofariki mwaka jana Babu akaacha kabisa kukaa na watu, hata sala za jumuiya haendi, akaanza kukusanya mashine za gemu za zamani, zile za kutumbukiza sarafu ndiyo ucheze, zilizokuwa zinawekwa kwenye mahoteli enzi za ujana wa wazazi wetu. Sebuleni zipo nne. Mbili zimesimama kama makabati (moja aliifuata Urambo kwenye ghala la tumbaku, mpaka leo ukiiwasha ikapata joto unapiga chafya), ya tatu ni mbovu kabisa, kuku wa Mama analalia mayai humo ndani, na ya nne ndiyo iliyonimaliza. Hiyo ina umbo la meza, fupi, juu ina kioo, picha inatokea chini ya kioo, wachezaji mnakaa huku na huku kama watu wanaokunywa chai.

Hiyo meza tuliitengeneza mimi na yeye, kila siku nikitoka shule. Babu ambaye mezani anajibu kwa kikohozi, akishika bisibisi anaongea. "Shika hapa. Usipumue. Bibi yako alikuwa anashika vizuri kuliko wewe." Kazi yangu ilikuwa kifaa cha kupokea sarafu, kwa sababu mashine ilitengenezwa kwa hela za kwao huko na sisi tunataka ile shilingi mia mbili yetu, basi nikapiga tupa wiki mbili mpaka vidole vikaota sugu, na kila tukijaribu, sarafu inaingia, inagonga kitu ndani, inatemwa. Kla! Babu anasema, "Tutarudia kesho." Hajawahi kunigombeza hata siku moja. Ndiyo maana ilikuwa inaniuma.

Sasa Mama. Mama akifoka hakuna shida, akiongea taratibu ujue kumeharibika. Akamwambia Babu taratibu: "Baba, Jumamosi jumuiya wanakuja kumwombea marehemu Mama, mwaka umetimia. Ninakuomba ukae na sisi. Na hayo madude yasitoe hata mlio, yakinitia aibu mbele ya watu, Jumatatu mnunuzi wa vyuma chakavu anayabeba yote."

Babu akajibu nusu ya pili tu. "Hayatalia." Kuhusu kukaa, akaanza kutafuta miwani yake, wakati ilikuwa usoni.

Jumamosi ikafika. Mama akanituma: "Maganga, nenda kwa Mama Getruda ukaazime ile meza yake tufanye altare." Nyumba tatu tu kutoka kwetu. Lakini ile meza ni ya mninga, nzito kama dhambi, na mimi ni kijana mwenye akili (ndivyo nilivyojiona), nikaangalia pale sebuleni, nikaona meza nyingine imekaa tu bure. Nikatandika kitambaa cheupe cha Marehemu Bibi, kile alichokifuma mwenyewe chenye matundu matundu, nikapanga msalaba, mshumaa, kikapu cha sadaka na picha ya Bibi. Mshumaa ukawa unainama, kumbe mguu mmoja hauikamati sakafu vizuri, nikakunja daftari langu la Hesabu nikalisukumia chini yake. Safi.

Kuhusu umeme: Mama alisema zima yote. Babu alisema ya meza usiizime mpaka jioni, kwa sababu ufundi wake ndivyo ulivyo, mashine ukishaifufua unaiacha iwake mchana kutwa uone kama itakufa tena. Nikapiga hesabu. Hii bila sarafu haitoi sauti, na sarafu haijawahi kuikubali tangu tuijue. Nikaiacha inawaka. Mwanga ukawa unapenya kwenye matundu ya kitambaa, rangi ya bluu, unahamahama polepole, na watu walipoingia Mzee Nkwabi, mwenyekiti wa jumuiya, akasimama mlangoni akasema, "Hongera, mama. Altare ya leo imependeza kweli." Mama akaniangalia kwa upendo, ule upendo ambao najua sitauona tena mpaka nioe.

Babu hakuingia. Alikaa uani nyuma ya jiko na redio iliyofunguliwa tumboni, akasema ana kazi.

Tukasali vizuri, somo likasomwa, tukafika sadaka. Watu wanaimba, wanapita mmoja mmoja, wanaweka kikapuni. Mwisho akaja Bibi Kalunde, aliyekuwa shoga wa Bibi, macho yake siku hizi yanaona ukungu tu, na yeye huwa ananiita mume wangu. Mtoto wa mtu kamsogeza mpaka mbele akamwachia. Bibi Kalunde hakukiona kikapu. Alichokiona ni kijitaa chekundu kinachong'aa ubavuni mwa meza, kwenye tundu la kitambaa, na chini ya kijitaa hicho kijitundu chembamba sawa kabisa na cha lile sanduku la sadaka la kanisani. Akainama. Akapapasa. Nikasema moyoni, acha tu, itatema, nitaiokota.

Haikutema.

Nilisikia sarafu inateleza, inateleza, inaanguka ndani kabisa, na kabla akili haijafika mdomo ukawa umeshatangulia, nikaruka juu mikono hewani kama nimefunga goli:

"BABUUU! IMESOMA!"

Wimbo ukakatika. Nikiruka nilikipiga kikapu, hela zikatawanyika mpaka kwa kuku. Na mashine, ambayo ilikuwa inasubiri sarafu hiyo miaka yote, ikapiga muziki wake wote, tiririri-ti-ti-tiii, wadudu wa kijani wa gemu wakaanza kushuka kiooni chini ya msalaba, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa anaiendesha ndege ya kuwapiga, ikalipuliwa. Piyuuuu.

"Mume wangu," Bibi Kalunde akauliza, "nimevunja nini?"

Sikumwangalia Mama. Nilisikia tu anapumua, taratibu.

Hapo Babu akaingia mbio, kandambili mguu mmoja, bisibisi mkononi, hakuona mtu, hakuona padri wala mwenyekiti (padri hakuwepo, lakini hata angekuwepo), akapita katikati ya kina mama akapiga magoti mbele ya altare, akafunua kitambaa, akatazama kijitundu, akatazama chini, akaliona daftari langu.

"Ilikuwa imeinama!" akasema. "Maganga, tupa yako haikuwa na kosa. Meza ndiyo ilikuwa imeinama!" Akacheka. Kicheko kile mara ya mwisho tulikisikia Bibi yu hai, na Mama naye alikijua, maana alifunika mdomo kwa khanga.

Kisha Babu akainua uso, na kitu cha kwanza alichokutana nacho ni picha ya Bibi, inamulikwa na ile bluu. Kicheko kikaisha. Ndege yetu ikalipuliwa mara ya pili. Piyuuu. Hakuinuka. Akapitisha mkono chini ya meza akaizima mwenyewe, ile ile aliyonikataza kuizima, akaweka bisibisi sakafuni, akabaki amepiga magoti.

Bibi Kalunde akamshika bega. "Karibu, shemeji. Tulikuwa tunakusubiri." Akaanzisha Salamu Maria, na Babu akaitikia, kwa sauti mbovu ya mtu ambaye hajasali siku nyingi, mpaka mwisho.

Baada ya chai Babu akaifungua mashine ili sadaka ya Bibi Kalunde iende kikapuni, naye bibi akauliza kama hela yake ilikuwa imeshalipia mchezo. Alicheza. Haoni kitu, lakini alicheza.

Mimi nikaitwa jikoni. "Meza ya Mama Getruda iko wapi?" Nikakiri yote. Babu akapitia mlangoni: "Wazee wetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani. Wewe umeshindwa meza, nyumba tatu!" Mama alitaka kukasirika, ikashindikana.

Jumatatu mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mkokoteni. Mama akampa jiko bovu na sufuria mbili zilizotoboka, akamfungia mlango.

Shuleni jina langu sasa ni Imesoma, na mtaani pia. Nimeapa. Jumuiya ikirudi kwetu, meza ya mninga naifuata mwenyewe, kichwani, bila kata. Juzi ilikuwa zamu yetu tena, nikawa nimeshafika mlangoni Mama akaniita: "Unakwenda wapi? Si ipo ile ya Babu yako?" Sikugeuka, nikashika njia ya kwa Mama Getruda. Nilimwacha Babu amechuchumaa karibu na altare, amevaa shati la kanisani, anaupima mguu ule wa meza ya gemu kwa kidole, na daftari langu la Hesabu mpaka leo hajanirudishia.