Fahali Aliyefunguliwa kwa Mdomo

Mwaka ule tulikula makopa, muhogo mkavu. Mchele ulikuwa wa kusikia tu, na aliyepika wali alifunga mlango. Siasa ilishaanza kuwagombanisha hata ndugu wa tumbo moja, lakini siku ya mchezo wa ng'ombe kijiji chetu kizima cha Vitongoji kilikaa pamoja.

Kamba iliyomfunga fahali siku hiyo niliisokota mimi. Makumbi ya nazi niliyafukia pwani mwenyewe, nikayafukua yananuka, nikayaponda mpaka viganja vikachubuka. Kijana mmoja wa Wete akaingia uwanjani na kitambaa. Fahali akamjia, naye hakurudi nyuma hata unyayo. Pembe ilimpasua shati, akacheka. Tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Hilo alilifanya kweli, simnyimi. Nilimpenda palepale.

Baada ya msimu wa karafuu akaja kuposa. Kwetu mposaji hubaki kwao, wazee wake wakaenda kumsemea. Huyu akaja mwenyewe, akaketi mbele ya wazee wake, kwani hakuamini kama wangemsifu vya kutosha! Mimi nipo nyuma ya pazia, nimejiandaa kunyamaza, maana mwari akinyamaza ndiyo kakubali.

"Mzee," akamwambia baba, "fahali yule hakuwa na kamba."

Baba akakohoa. "Hakuwa na kamba? Mimi macho yangu yalikuwa wapi?"

"Aliikata, mzee. Nikamshika pembe kwa mkono mmoja, nikamlaza. Wete nzima wanajua."

"Wa Wete wanajua. Sisi tuliokuwapo ndio hatujui."

Mjomba wa kijana akainama, akawa anachezea kofia yake.

Viganja vikaniwaka. Fukara akijipamba utamsamehe, yu uchi, ajisitiri na nini? Lakini huyu sifa kapewa na mji mzima, na bado anachovya kidole kwenye sahani yangu. Ule ni ulafi. Mtu wa hivyo ukimzalia, atasema kazaa yeye.

Nikatoa kichwa nje ya pazia.

"Kamba nimeisokota mimi. Sikutaki, nenda zako."

Mama akanivuta kanga. "We mwana, umepagawa? Nani atakuja kukuposa tena?"

Yule bwana akajichekesha. "Basi ilikuwapo, bibie. Lakini nyembamba, kama uzi."

Kama uzi! Hata kutubu kwake kuna chumvi.

"Inuka twende," mjomba wake akamwambia. "Umejimaliza."

Na kweli alijimaliza. Msimu uliofuata, akiingia uwanjani, watoto wanamzomea: "Mfungulieni ng'ombe! Huyu hataki kamba!" Hata ile pembe iliyompasua shati, niliyoiona kwa macho yangu, watu wakasema shati alilichana mwenyewe.

Ndipo akawatuma tena wazee wake, safari hii peke yao. Walisema kwa adabu, na mama akalia mbele ya wageni. Aliogopa nitaozea ndani. Mjomba mtu akaniuliza, "Tukamwambie nini, mwanangu?"

Nikamjibu, mwambieni kama alivyosikia mara ile:

"Kamba nimeisokota mimi. Sikutaki, nenda zako."