Nilimpeleka Mama Msituni Asikie Ndege

Leo nimetoka msituni na hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Mama amekuwa ndani ya nyumba tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga. Nikaona nimpeleke msitu ule wa juu ya Kimulot, akae tu chini ya miti asikie ndege.

Nilimshika mkono kutoka barabarani, pole pole. Nikatandika leso, nikammiminia chai.

Kabla hajaonja, vijana wakafika na spika kubwa kama kreti ya soda.

Jamani, hizo kelele! Ndege wote walihama.

Nikawaendea. "Tafadhali punguzeni, niko na mgonjwa."

Mmoja akanijibu kwa heshima kabisa, "Pole madam, lakini msitu ni wa watu wote."

Nikarudi nikiwaka. "Mama, twende. Hawa hawana adabu."

Mama akashika mkongojo, akainuka, akaenda moja kwa moja kwa wale vijana. Nikasema moyoni, sasa watajua hawajui.

Akawaambia, "Ongezeni kidogo."

Halafu akaanza kutingisha mabega! Vijana wakashangilia, "Kogo! Kogo!" Eti nyanya yao.

Nikamkimbilia. "Mama, daktari alisema..."

"Daktari alisema nisikae tu," akanikatiza. "Na kimya ninacho huko nyumbani. Nashinda nacho kila siku ukienda kazini."

Nikarudi kwa leso, nikanuna peke yangu na ile chai mpaka alipochoka mwenyewe.

Bado nimeudhika. Nyinyi mngemwambia nini?