Mkaa Uliokolea

Binti yangu alizaliwa na tundu kwenye moyo, na mama mkwe wangu akapata sababu kabla ya madaktari: nilipita njia panda ya Buhongwa nikiwa mjamzito, tena jioni. Basi, kesi imekwisha. Mama huyu asichokijua ndicho anachokisemea kwa sauti kubwa.

Nilipobeba mimba ya pili akaja kwetu Buswelu kunitunza, eti. Mvua zilipoanza akawa anaingiza jiko la mkaa chumbani kwangu, anafunga dirisha, anaziba hata upenyo wa chini ya mlango kwa khanga yangu mpya, nisipigwe na upepo wa ziwani. Nikiamka kichwa kinagonga, anasema ni mimba hiyo.

Kliniki akaja mtafiti, kijana wa viatu visivyojua tope. Alitueleza kwamba mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayompunguzia mtoto oksijeni tumboni, na kwamba tafiti zinaihusisha na kasoro za moyo za kuzaliwa nazo. Nikamwuliza kama ndiyo iliyomdhuru binti yangu. Akasema kwa mtoto mmoja hawawezi kujua, ila jiko likae nje. Akashukuru kwa ushirikiano wetu, akaenda zake.

Nilipomweleza mama mkwe alicheka akashika mbavu. Kwake mkaa ukishakolea, ukawa mwekundu bila moshi, hauna shida. Shida ni kuingiza jiko linalofuka. Ndio utaalamu wake wote: kisichoonekana hakipo. Shetani wa njia panda, ambaye naye haonekani, huyo yupo! Mume wangu akakohoa, akatafuta rimoti. Mwanaume mzima.

Jioni hiyohiyo mama mkwe akaliingiza tena jiko. Nikalishika kwa kitambaa, nikalitoa mpaka uani kwenye mvua, mkaa ukazimika. Akanifuata mlangoni.

"Mimi wangu wote nimewazaa na jiko chumbani."

"Wote, mama? Na yule wa kwanza, aliyekuwa akinyonya midomo inageuka bluu?"

Habari za mtoto huyo nilizipata kwa mume wangu, kwao hatajwi. Nilisubiri tusi. Mama mkwe alilitazama jiko likinyeshewa.

"Kwa ajili ya yule," akasema, "tulimfukuza mama mkwe wangu nyumbani kwake. Tulisema ni mchawi."

Hakuliingiza jiko tena. Wala mimi sikumwuliza yule bibi alikwenda kufia wapi.