Mipapai Isiyozaa

Shule niliyopangiwa nilipomaliza chuo kikuu ilikuwa ukingoni mwa bonde la Msimbazi, mwendo mfupi kutoka chumba nilichopanga Kariakoo. Nilifundisha biolojia, na fizikia pia, kwa sababu mwalimu wa fizikia alihamishwa na hakuja mtu kushika nafasi yake. Tulitakiwa kufundisha kwa Kiingereza. Niliandika ubaoni kwa Kiingereza, nikafunga mlango, kisha nikaeleza kwa Kiswahili. Sikuona kwa nini mtu ashindwe kulielewa ua kwa sababu ya lugha.

Katika kidato cha nne alikuwamo msichana aliyekuwa akinichosha kwa maswali. Kwao ni Lindi. Alikuja Dar es Salaam kukaa na mama yake mkubwa, aliyekuwa akiuza maharage na choroko sokoni Kariakoo. Mama mkubwa alikwisha kumwambia wazi: akichaguliwa kidato cha tano ataendelea kukaa mjini na atasomeshwa, asipochaguliwa atarudi kwa baba yake, ambako posa ilikwisha kupelekwa na mtu aliyemzidi sana umri. Msichana alinieleza haya siku moja tukiosha vyombo vya maabara, kwa sauti ile ile aliyotumia kuulizia chavua.

Miaka ile kufaulu mtihani peke yake hakukutosha. Kulikuwa na alama za kazi na mwenendo, yaani jinsi mwanafunzi anavyoshika jembe na anavyoshirikiana na wenzake, na alama hizo zilitolewa na sisi walimu. Shuleni kwetu sauti iliyosikika zaidi katika jambo hilo ilikuwa ya mwalimu wa shamba, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama. Hakuwa mtu mbaya. Siku za shamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvua viatu na kuingia kwenye tope. Aliamini kila alichokisema, na pengine hilo ndilo lililonitisha.

Shamba letu lilikuwa la mipapai, nyuma ya madarasa, likishuka kuelekea bondeni. Darasa langu la uzazi wa mimea nilikuwa nalifundishia humo. Niliwaonyesha mpapai jike, maua yake makubwa yamekaa karibu na shina, kila moja lina ovari nene ndani ambayo ndiyo itakuwa papai. Kisha niliwaonyesha mpapai dume, vikonyo vyake virefu vimening'inia, vimejaa maua madogo membamba. Nilitikisa kikonyo kimoja juu ya kiganja cha yule msichana, ukabaki unga kidogo wa chavua.

"Huu ndio unaokwenda kule?" aliuliza.

"Huu. Upepo unaupeleka, na nondo."

"Mwalimu umewahi kuuona ukienda?"

Sikuwahi. Nilimwambia hivyo, naye akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

Fizikia ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu ya vifaa. Betri hazikuwepo madukani. Nilizunguka Kariakoo kwa wenye maduka wanaonifahamu mpaka nikapata chache chini ya kaunta. Betri zilizokufa tulizipasua tukatoa vijiti vya kaboni ndani yake. Tulifunga nyaya, balbu ya tochi na vijiti viwili, tukavitumbukiza katika maji ya chumvi. Balbu ikawaka, nyekundu na hafifu. Katika maji ya sukari haikuwaka, na darasa zima likaguna, si kwa ajili ya balbu bali kwa ajili ya sukari, kwa jinsi ilivyokuwa adimu. Kijana mmoja aliomba ayanywe yale maji ili yasipotee. Nilimkatalia kwa sababu ya kaboni, lakini nilipogeuka glasi ilikuwa tupu.

Kisha msichana akaleta papai bichi lililodondoka shambani, tukalichoma vijiti. Balbu haikuwaka.

"Andikeni, halipitishi," mmoja akasema.

"Subiri," alisema msichana. Alichomoa balbu, akashika ncha mbili za nyaya akazigusisha ulimini. Uso ulimkunjamana. "Unapita, mwalimu. Unawasha, una uchachu. Ni mdogo tu, hauwezi kuiwasha balbu."

Wakapanga mstari kuonja umeme. Niliwaambia, na leo ningesema vile vile, kwamba balbu isipowaka haina maana kwamba hakuna kinachopita. Ina maana tu kwamba balbu haikuwaka. Kitabu chetu hakikusema hivyo. Kitabu kiligawa vitu makundi mawili, vipitishi na vihami, na basi.

Muda mfupi baadaye shule yote ilikusanywa uwanjani. Mwalimu wa shamba alisimama juu ya kiti.

"Ndugu wanafunzi, shambani kwetu iko mipapai inakunywa maji yenu, inakula samadi mliyoibeba vichwani, na haijatoa hata papai moja. Tuiiteje?"

"Kupe."

"Sikusikia."

"Kupe."

"Mabwanyenye hao," sauti ilitoka nyuma. "Kazi yao kujipamba maua."

"Tuwapigilie misumari," mwingine akasema. "Kwetu ukimpigilia msumari anageuka jike."

Watu walicheka, na mwalimu wa shamba alicheka nao. Msichana alinyosha mkono.

"Ndugu Mwenyekiti, hiyo ndiyo mipapai dume. Ikikatwa yote, ile jike haitazaa."

"Wewe umeiona ikifanya kazi?"

"Huwezi kuiona kwa macho. Upepo ndio unaochukua chavua."

"Kumbe mfanyakazi ni upepo. Basi tuuache upepo, tuukate mti."

Msichana alingoja kicheko kiishe. "Kuna kitu kinapita na hukioni, Ndugu Mwenyekiti. Tulipima umeme kwenye papai. Balbu haikuwaka, lakini umeme ulikuwamo."

"Uliujuaje?"

"Niliuonja."

Hapo uwanja wote ulivunjika mbavu. Nilisimama nikasema anachosema ni kweli, nikaomba uachwe mpapai dume mmoja, hata ule wa mwisho kabisa karibu na bonde. Mwalimu wa shamba alinitazama kwa huruma. "Ndugu yangu msomi, ukimwachia kupe mmoja umefanya nini?" Mikono ilinyoshwa, karibu yote. Jioni ile mipapai dume ilikuwa chini, utomvu mweupe unatiririka kwenye visiki.

Kwa muda mwalimu wa shamba alionekana mshindi. Mapapai yaliyokwisha kutunga yalinenepa na kuiva, nafasi ikawa kubwa, shamba likapendeza. Aliwaahidi viongozi wa wilaya mapapai ya sherehe yao. "Umeona?" aliniambia akinipita koridoni. Nilikuwa nimeanza kujishuku. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na mipapai ya watu, pengine upepo ungetuokoa.

Haukutuokoa. Kipupwe kilipokwisha, maua ya mipapai jike yalianza kudondoka. Kila asubuhi yalikuwa chini, meupe, yameanza kuwa kahawia. Machache yaliyoshika yalitoa vipapai kama ngumi ya mtoto, ukivipasua havina mbegu. Siku ya sherehe ya wilaya shule yetu ilikwenda mikono mitupu, na mwalimu wa shamba alisimamishwa mbele ya watu kujieleza.

Nilidhani sasa angeelewa. Badala yake aliitisha kikao cha walimu, na msichana akaitwa. Swali lilikuwa moja.

"Ulijuaje?"

"Tulifundishwa darasani."

"Wamefundishwa arobaini. Wewe peke yako ulisema shamba litakufa, na limekufa. Mtu anajuaje kitu kitakufa kama hana mkono ndani yake?"

Kisha akaleta la ndoo. Kila baada ya somo la umeme, msichana ndiye aliyekuwa akimwaga maji ya chumvi, kwa sababu maabara haikuwa na bomba la kutoa maji machafu. Njia ya kwenda kwenye shimo la kumwagia ilipita kando ya mipapai. Watu walikuwa wamemwona. Chumvi, ndoo, mipapai. Hapakuhitajika kitu kingine. Neno hujuma lilitamkwa, kwa upole, na mwalimu ambaye mpaka siku ile nilikuwa nikinywa naye chai.

Niliomba nafasi ya kupima. Galvanomita yetu, chombo cha kupimia umeme mdogo, ilikuwa imevunjika sindano tangu kabla sijafika, nikabaki na betri na balbu. Mbele ya kikao nilichukua udongo wa kwenye mizizi ya mipapai nikaukoroga na maji ya mvua. Nikachukua udongo wa mbele ya ofisi nikafanya vile vile. Nikatengeneza na maji ya chumvi katika glasi ya tatu. Nikatumbukiza vijiti. Ya chumvi iliwaka. Za udongo hazikuwaka, wa shambani wala wa ofisini.

"Hakuna chumvi," nilisema.

Mwalimu wa shamba aliinama akaitazama balbu kwa muda. Aliponyanyua kichwa hakuwa na hasira hata kidogo.

"Mwalimu, si ninyi mliosema mbele ya shule nzima kwamba balbu isipowaka haina maana hakuna kitu?"

Nilitaka kueleza tofauti ya kiasi: chumvi ya kuua mti ingekuwa nyingi, ingeonyesha walau dalili. Lakini ingeonyesha kweli, kwa balbu ile na betri zile zilizochoka? Sikujua. Nilisema kwamba inaelekea ingeonyesha, na neno hilo, inaelekea, lilidondoka mezani likakaa pale. Wenzangu waliangalia mikono yao. Nimeshawaza mara nyingi kwamba mtu mwenye uhakika asiye na ushahidi na mtu mwenye ushahidi asiye na uhakika wakikutana kikaoni, matokeo yanajulikana kabla chai haijaletwa.

Msichana alisema, "Tuonje glasi zote mbili za udongo. Zitakuwa sawa."

"Sasa nilambe udongo, binti yangu?" alisema mwalimu wa shamba, na hata mkuu wa shule alitabasamu.

Msichana alipewa alama ya chini kabisa ya mwenendo. Nilikataa kukubaliana nayo, nikasema hivyo kwa mkuu wa shule, kisha kwa afisa elimu, ambaye alinisikiliza akiwa amesimama. Msichana alifanya mtihani wake. Katika vitendo vya biolojia walipewa ua walichore na kutaja sehemu zake. Alitoka akaniambia lilikuwa rahisi. Matokeo yalipotangazwa kwenye redio alikuwa amefaulu vizuri kuliko wote shuleni kwetu. Uchaguzi wa kidato cha tano ulipotoka, hakuwamo.

Nilikwenda sokoni kumwona. Wakati huo masika yalikuwa yameanza, na barabara ya kusini ilikuwa haipitiki. Alikuwa akingoja ikauke ili apelekwe Lindi. Alikaa nyuma ya magunia akichambua maharage, akitupa mawe pembeni. Aliniamkia. Nilimwambia tutaandika upya, kuna watu chuo kikuu ninaowafahamu, na kuna shule za binafsi. Aliendelea kuchambua.

"Mwalimu," alisema mama yake mkubwa, "huyu mtoto alivyokuja hapa alikuwa anajua kunyamaza. Akiambiwa kitu anaitikia. Nani alimwambia abishane na wakubwa?"

"Alichosema kilikuwa kweli, mama."

"Sijakuuliza kama kilikuwa kweli."

Msichana alisema, bila kuinua uso, "Mama mkubwa, muache."

Alikuja mteja akaulizia choroko. Msichana alisimama, akapangusa mikono kwenye khanga, akachukua kopo la kupimia. Nilisogea pembeni kumpisha mteja, kisha nikasogea tena kwa sababu wa pili alikuwa nyuma yake, na nikajikuta niko nje ya kizimba, kwenye njia ya wapagazi, ambao walinipigia kelele nitoke.