Madoa, Kizibiti wa Kituoni

Juzi hapa Gulwe, kwenye mitumba iliyojaa siku hizi, askari alishika baiskeli ya wizi akasema, "Hii ni kizibiti." Nikamkumbuka Madoa, mbuzi wetu.

Nilikuwa mtoto. Madoa alipotea machungani, akaonekana zizini kwa jirani, Mzee Chidawali, naye akaapa ni wake, polisi wakamchukua. Mama akarudi kutoka kituoni mikono mitupu: "Madoa ni kizibiti, hatoki." Nikadhani kafungwa kwa kosa. Na mdogo wangu Nyemo alikuwa akilelewa kwa maziwa yake!

Mchana nikambeba mwana wa Madoa aliyebaki nyumbani, akamwone mama yake kifungoni. Kituo kilinuka tumbaku na mavi ya mbuzi. Chidawali alikuwa amekaa benchini.

"Shikamoo afande. Msamehe Madoa, hajaiba kitu."

Askari Yohana alicheka. "Marahaba. Kizibiti hana kosa, binti. Ni shahidi asiye na mdomo."

Nikamweka mwanambuzi chini. Madoa akalia, mtoto akakimbilia chuchu.

"Mzee Chidawali," akasema Yohana, "shahidi umemsikia?"

Jioni Nyemo alilala ameshiba. Mungu amrehemu Yohana. Mtoto peku na mbuzi kifuani, wengine wangemfukuza mlangoni.